Leseni ya Dereva wa Motokaa ya Zimamoto

Siku moja niliwauliza wanafunzi wangu wa darasa la sita ni kazi gani watakazozifanya watakapokuwa watu wazima. Mmoja alisema atakuwa mwalimu, mwingine seremala, mwingine mganga wa hospitali. Kisha akasimama kijana mmoja wa safu ya nyuma, akasema, “Mimi, mwalimu, nitakuwa dereva wa motokaa ya zimamoto.”

Nikamwuliza, “Kwa nini umeichagua kazi hiyo?”

Akajibu bila kusita, “Kwa sababu yeye hazuiwi na mtu. Huenda mbio apendavyo, hupita taa nyekundu, na watu wote humpisha njia.”

Darasa zima likacheka. Mimi nikamwuliza swali la pili: “Ruhusa hiyo amepewa na nani, naye aliipataje?” Kijana akanyamaza, na wenzake nao wakanyamaza. Nikaona kwamba wengi wamekwisha kuiona motokaa nyekundu ikipita mjini kwa kishindo, lakini hawajapata kufikiri juu ya mtu aliyeshika usukani. Basi somo hili ni jibu la swali lile.

Tutaitazama nchi ya Uingereza, kwa sababu sheria zake juu ya jambo hili zimeandikwa wazi, na shauri lake lilipata kuamuliwa mbele ya majaji wakubwa. Tena huko motokaa hupita upande wa kushoto wa barabara, kama zipitavyo katika Tanzania, Kenya na Uganda. Kwa hiyo haitakuwa vigumu kwenu kuyafikiri mambo haya kana kwamba mnayaona.

1. Zamani za farasi na shilingi tano

Zamani katika mji wa London makampuni ya bima yalikuwa na vikosi vyao vya kuzima moto, kila kampuni na watu wake. Mwaka 1833 vikosi vingi vya namna hiyo viliunganishwa kuwa kimoja, na mkuu wake akawa James Braidwood. Mtu huyu aliwafundisha watu wake kuingia ndani ya nyumba na kuutafuta moto mahali ulipoanzia, wasisimame mbali na kurusha maji ovyo. Alikufa kazini mwaka 1861, ukuta ulipomwangukia katika moto mkubwa wa Tooley Street.

Siku zile pampu za maji zilikokotwa na farasi. Baadaye zikaja motokaa, na farasi wakaondolewa kidogo kidogo. Wale wa mwisho wa zimamoto ya London waliacha kazi mwaka 1921.

Je, wenye motokaa za kwanza walipataje ruhusa ya kuziendesha? Sheria ya mwaka 1903 ilimtaka kila dereva awe na leseni, nayo ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1904. Lakini leseni hiyo ilipatikana kwa kulipa shilingi 5 tu. Hakuna aliyemwuliza mtu kama ajua kuendesha, wala kama macho yake yaona barabara. Mwenye shilingi 5 alipewa karatasi, akaenda zake.

Matokeo yake yalikuwa mabaya. Katika mwaka 1934 peke yake, watu 7343 waliuawa katika barabara za Uingereza, ingawa motokaa za siku zile zilikuwa chache mno kuliko za siku hizi. Ndipo serikali ilipoamua kwamba fedha si ushahidi wa maarifa. Tangu tarehe 1 Juni 1935, kila mtu aliyeanza kuendesha tarehe 1 Aprili 1934 au baada yake ilimpasa kufanya mtihani na kufaulu. Hapo ndipo leseni ilipogeuka. Mwanzo ilikuwa stakabadhi ya fedha, sasa ikawa ushuhuda kwamba mtu amejifunza.

2. Debe la maji

Labda utasema, “Basi, mtu akifaulu mtihani wa motokaa ndogo, mpeni usukani wa motokaa ya zimamoto.” Fikiri kwanza juu ya debe la maji.

Kila msichana na kila mvulana aliyepata kuteka maji kisimani ajua jambo hili. Debe likijaa mpaka ukingoni, na ukienda taratibu, maji hutulia. Likiwa nusu, nawe ukikata kona kwa haraka, maji huyumba upande mmoja, yakakuvuta nawe upande huo. Ukisimama ghafula, maji husukuma mbele ingawa miguu yako imekwisha simama.

Motokaa nyingi za zimamoto huko Uingereza huchukua maji kiasi cha lita 1800. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, basi maji hayo yana uzito wa kilo 1800, yaani karibu tani mbili. Ndani ya tangi huwekwa mabati ya kuyakata mawimbi, walakini uzito haupungui. Ongeza ngazi, pampu, mipira ya maji, vyombo vya kukatia chuma na watu wenyewe. Motokaa yote huweza kuzidi tani 12. Motokaa ndogo ya kawaida haifiki hata tani 2.

Kwa ajili hiyo sheria imegawanya leseni kwa uzito. Leseni ya motokaa ndogo humruhusu mtu kuendesha gari lisilozidi kilo 3500. Kwa gari lililozidi hapo mpaka kilo 7500 yahitajiwa leseni nyingine, na katika fungu hili zimo motokaa nyingi za kuchukulia wagonjwa. Waliofaulu mtihani wa motokaa ndogo kabla ya tarehe 1 Januari 1997 walipewa haki ya fungu hilo pamoja na leseni yao. Waliofaulu tangu siku hiyo hufanya mtihani wa pili. Na kwa gari lililozidi kilo 7500, kama motokaa kubwa ya zimamoto, hapana budi kupata leseni ya malori makubwa.

3. Njia ya kuipata leseni ya gari kubwa

Sasa tumfuate mtu mmoja, ambaye tutamwita mwanagenzi, tuone atakavyopita hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni leseni ya motokaa ndogo. Kwa kawaida mtu huweza kuanza kujifunza akiwa na umri wa miaka 17. Siku ya mtihani, kabla hajaiwasha motokaa, mtahini humwonyesha namba ya motokaa nyingine iliyosimama umbali wa meta 20, akamwambia aisome. Asipoweza kuisoma, mtihani umekwisha pale pale. Asiyeiona hatari hawezi kuiepuka, hata mikono yake ikiwa hodari namna gani.

Hatua ya pili ni daktari. Atakaye leseni ya gari kubwa hupimwa mwili, na kanuni zake ni kali kuliko zile za motokaa ndogo. Daktari hutazama macho, moyo, ugonjwa wa kisukari, na maradhi yawezayo kumfanya mtu apoteze fahamu. Mathalani, mtu mwenye kifafa hapewi leseni ya lori mpaka awe amekaa miaka 10 bila kushikwa na ugonjwa huo na bila kutumia dawa zake. Hii si dharau kwa mgonjwa. Mtu mmoja akizimia kwa dakika moja nyuma ya usukani wa tani 12, watu wengi wasio na hatia huweza kufa. Tena kupimwa si kwa mara moja. Dereva akifika umri wa miaka 45 hupimwa tena, kisha kila baada ya miaka 5, na akipita miaka 65 hupimwa kila mwaka.

Hatua ya tatu ni mtihani wa akili, nao hufanywa kwa kompyuta. Mwanagenzi huulizwa maswali 100 juu ya sheria, uzito, breki na usalama, naye hana budi kujibu sawasawa 85 au zaidi. Kisha huonyeshwa sinema fupi 19 za barabarani, ndani yake mna hatari 20 zinazoanza kutokea. Labda mpira wadunda njiani, na nyuma ya mpira huja mtoto. Mwanagenzi hubonyeza mara aionapo dalili. Akiwahi hupata alama nyingi, akichelewa hupata chache au asipate kitu. Ili afaulu sharti apate alama 67 katika 100.

Hatua ya nne ni barabara yenyewe. Mwanagenzi hujifunza katika lori lenye kibao cheupe chenye herufi L nyekundu, ili wote wajue kwamba huyu bado anajifunza, na pembeni yake hukaa dereva mwenye leseni ya gari la namna hiyo. Mtihani una sehemu mbili. Kwanza, katika uwanja uliofungwa, hurudisha lori kinyumenyume mpaka mahali palipowekwa alama, bila kugusa kitu. Pili, huendesha kiasi cha saa nzima katikati ya magari mengine, na mtahini akimtazama. Makosa madogo 15 husamehewa, la 16 humwangusha. Lakini kosa moja tu la hatari latosha kumwangusha, hata kama mengine yote ameyafanya vizuri.

Watu wanaoendesha malori kwa biashara hutakiwa kuwa na cheti kingine tena cha kazi hiyo. Dereva wa zimamoto amesamehewa cheti hicho. Lakini msidhani kwamba amepunguziwa mzigo, kwa maana sasa ndipo inapoanza sehemu iliyo ngumu zaidi.

4. Mafunzo ya pili: kuutawala moyo

Mtu aliyefaulu mtihani wa lori ajua kuendesha gari kubwa kama watu wengine. Bado hajui kuliendesha wakati kengele ya kituo imelia, watu wanapiga kelele nyuma yake, na kichwani anajua kwamba nyumba inaungua yenye watoto ndani. Kwa hiyo vikosi vya zimamoto havimpi kazi ya dharura mara tu anapopata leseni. Humpeleka kwanza katika mafunzo ya pili, akafundishwa na kutahiniwa upya. Na baada ya miaka michache huitwa tena kutazamwa kama bado anafaa.

Asili ya mafunzo haya yastahili kusimuliwa. Katika miaka ya 1930 polisi wa London walikuwa na shule ya madereva mahali paitwapo Hendon. Mtu aliyeitwa kuwapa shauri juu ya mafundisho yao alikuwa Lord Cottenham, ambaye alipata kushindana katika mbio za motokaa. Mngedhani mtu wa mashindano atawafundisha kwenda mbio. Sivyo. Aliwafundisha utulivu na utaratibu. Mafundisho ya namna hiyo baadaye yalitiwa katika kitabu kiitwacho Roadcraft, kilichotolewa mwaka 1955, nacho chatumika hata leo na madereva wa polisi, wa zimamoto na wa motokaa za wagonjwa.

Utaratibu wake ni huu. Kabla ya kila kona, kila njia panda na kila kizuizi, dereva hufikiri mambo matano, moja baada ya jingine. Kwanza, habari: naona nini, nasikia nini, na ni nini kilichofichika? Pili, mahali: niwe upande gani wa njia? Tatu, mwendo: nipunguze kiasi gani? Nne, gia: ipi inafaa mwendo huo? Tano, na hili ni la mwisho, ndipo huongeza mwendo tena. Tazameni: kuongeza mwendo, jambo ambalo kijana wangu alilitaka kwanza, dereva hulifanya mwisho.

Namna moja ya kufundisha ni kumwambia dereva aseme kwa sauti kila anachokiona. Atasema hivi: “Mbele kuna basi limesimama. Watu wanashuka. Huenda mtu akatokea mbele ya basi. Napunguza mwendo. Namwona mwanamke na mtoto, wananitazama, wamesimama. Sasa napita.” Mwalimu asikiaye maneno hayo hujua kama macho ya mwanafunzi wake yako mbele au yamelala. Na mwanafunzi mwenyewe, kwa kuwa ulimi wake una kazi, hofu yake hupungua.

5. Hesabu ya haraka

Haya, chukueni kalamu tufanye hesabu.

Nyumba inayoungua iko umbali wa kilometa 4 kutoka kituoni. Dereva akienda kilometa 48 kwa saa, ambayo ndiyo kadiri ya kawaida katika sehemu nyingi za miji ya Uingereza, atafika kwa dakika 5. Akienda kilometa 64 kwa saa, atafika kwa dakika 3 na sekunde 45. Basi amepata faida ya dakika 1 na robo. Si kitu kidogo. Katika moto, dakika moja huweza kuwa uhai wa mtu.

Sasa tutazame gharama. Kitabu cha sheria za barabara cha Uingereza chaeleza umbali ambao motokaa ndogo huhitaji ili isimame, tangu dereva aone hatari mpaka magurudumu yatulie, katika barabara kavu. Kwa kilometa 48 kwa saa ni meta 23. Kwa kilometa 64 ni meta 36. Kwa kilometa 96 ni meta 73. Mnaona kwamba mwendo ulipozidishwa mara 2, kutoka 48 mpaka 96, umbali wa kusimama umezidi mara 3. Na gari zito huhitaji umbali mkubwa kuliko huo.

Mtoto akiruka njiani meta 30 mbele ya motokaa, dereva wa mwendo wa kwanza atasimama kabla ya kumfikia. Dereva wa mwendo wa pili hatasimama kwa wakati. Naye akimgonga mtoto, hatafika kwenye moto kabisa. Dakika 1 na robo aliyoipata imepotea, na nyumba mbili zimeingia msiba badala ya moja. Wazee walisema, “Kawia ufike.” Hawakusema kawia ulale, walisema kawia ufike. Maana yake, neno kubwa ni kufika.

6. Sheria imempa nini, na imemnyima nini

Sheria ya mwaka 1984 yasema kwamba mipaka ya mwendo haimfungi dereva wa zimamoto, wa motokaa ya wagonjwa au wa polisi, ikiwa kuifuata mipaka hiyo kungemzuia kufanya kazi aliyotumwa. Angalieni neno “ikiwa”. Akirudi kituoni, moto umezimwa, naye anataka kuwahi chakula chake, hana haki zaidi ya mtu mwingine ye yote.

Kuhusu taa nyekundu za njia panda, kanuni humruhusu kuipita wakati wa dharura, lakini kwa sharti. Hapo taa nyekundu kwake ni amri ya kuwapisha wengine. Ni lazima ahakikishe kwamba hatamhatarisha mtu, wala hatamlazimisha dereva mwingine kukwepa kwa ghafula. King'ora na taa za buluu haviondoi wajibu huo. King'ora ni ombi, nacho huenda kisisikiwe na kiziwi, wala na mwenye motokaa iliyofungwa vioo na kujaa muziki. Na taa nyekundu za mahali reli inapokata barabara hazipiti kamwe, kwa kuwa gari-moshi haliwezi kumpisha mtu.

Tena yako mambo ambayo hakusamehewa hata kidogo. Akiendesha kwa uzembe au kwa namna ya hatari, hushtakiwa mahakamani kama mtu mwingine. Akigonga kitu au mtu njiani, sharti asimame, ijapokuwa moto bado unawaka mbele yake; kituo hutuma motokaa nyingine. Na adhabu ikitolewa, humwangukia yeye aliyeshika usukani. Hawezi kusema, “Niliamriwa kwenda mbio.” Hakuna mkubwa awezaye kumwamuru ahatarishe uhai wa watu.

7. Shauri la mwaka 1971

Kanuni hiyo ya taa nyekundu haikuwako sikuzote. Zamani sheria ilikuwa imewasamehe watu wa zimamoto mipaka ya mwendo, lakini haikuwasamehe taa nyekundu. Mwaka 1967 mkuu wa zimamoto wa London aliwaandikia watu wake amri. Alisema kwamba dereva akikuta taa nyekundu asimame. Akiona njia ni salama kabisa, aweza kupita, lakini ajue kwamba sheria haimlindi, na jukumu lote ni lake.

Baadhi ya watu wa zimamoto hawakuridhika. Walisema, “Mkuu awezaje kuruhusu jambo ambalo sheria imelikataza?” Wakakataa kupanda motokaa pamoja na dereva asiyeahidi kuzitii taa. Jambo hili lilifika mahakamani, hata mwaka 1971 likaamuliwa na mahakama ya rufani, ambamo Lord Denning alikuwa mmoja wa majaji.

Lord Denning alitoa mfano. Dereva wa zimamoto mwenye ngazi afika kwenye taa, nazo zageuka nyekundu. Mbele yake, kiasi cha yadi 200, aona nyumba inawaka, na dirishani juu yuko mtu aliye karibu kufa. Njia zote ni tupu. Je, angoje dakika nzima mpaka taa igeuke? Akingoja, mtu yule atakufa. Jaji alisema kwamba, kwa maneno ya sheria ya siku ile, dereva akipita atakuwa amevunja sheria. Lakini mtu wa namna hiyo hastahili kushtakiwa, bali kupongezwa. Mahakama ikaamua kwamba amri ya mkuu ilikuwa halali. Baadaye kanuni zikabadilishwa, na ruhusa ikaandikwa wazi, pamoja na masharti yake tuliyokwisha yaeleza.

Nataka mfikiri vizuri juu ya shauri hili. Pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli. Wale waliokataa walijua kwamba mtu akizoea kuvunja sheria ndogo kwa sababu njema, kesho ataivunja kwa sababu mbaya. Na jaji alijua kwamba sheria iliwekwa ili watu waishi, si ili wafe wakingoja taa. Ndiyo sababu ruhusa hii haikupewa kila mtu. Ilipewa mtu aliyepimwa, akafundishwa, akatahiniwa mara nyingi, hata ikajulikana kwamba aweza kuachiwa mlango wazi asiutumie vibaya.

8. Jibu la kijana

Baada ya somo nilimwita yule kijana wa safu ya nyuma. Nikamwuliza, “Je, bado wataka kuwa dereva wa zimamoto?”

Akafikiri kidogo, akasema, “Ndiyo, mwalimu. Lakini nilidhani yeye ndiye mtu asiye na sheria. Sasa naona anazo sheria zaidi ya wengine.”

Nikamwambia, “Umejibu vema. Basi anza leo. Soma hesabu zako, yatunze macho yako, nawe ukitumwa dukani usiruke njia bila kutazama. Aliyezoea kutazama njia akiwa mdogo hatapata shida kuitazama akiwa dereva.”

Na ninyi nyote, hata msiotaka kazi hiyo, mna sehemu yenu. Mkisikia king'ora, ondokeni njiani, simameni pembeni, wala msikimbie kuifuata motokaa ili mtazame moto. Mwenye baiskeli au motokaa na asogee kando kwa taratibu, asikanyage breki ghafula, wala asiingie njia panda wakati taa yake ni nyekundu kwa kusudi la kupisha. Ruhusa ile si yake. Katika Tanzania anayeona moto huliita Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba ya simu 114. Aseme wazi mahali moto ulipo, asikate simu mpaka ameulizwa yote. Asiipige namba hiyo kwa mchezo, kwa maana dereva atakuja, tena atakuja akiyahatarisha maisha yake na ya watu walioko njiani. Kumwita bure mtu wa namna hiyo ni kosa kubwa.

Maswali

1. Kabla ya mwaka 1935, mtu wa Uingereza alipataje leseni? Ubaya wa desturi hiyo ulikuwa nini?

2. Kwa nini maji yaliyo katika tangi hufanya kazi ya dereva kuwa ngumu? Eleza kwa mfano wa debe.

3. Taja hatua nne za kuipata leseni ya gari kubwa.

4. Taja mambo matano ambayo dereva huyafikiri kabla ya kona. Lipi ni la mwisho, na kwa nini?

5. Moto uko kilometa 8 kutoka kituoni. Dereva akienda kilometa 48 kwa saa atafika kwa dakika ngapi? Akienda kilometa 64 kwa saa je? Tofauti ni nini?

6. Dereva wa zimamoto akimgonga mtu njiani, sheria yamtaka afanye nini?

7. Kama ungalikuwa mmoja wa watu wa zimamoto wa London kabla ya mwaka 1971, ungalipanda motokaa pamoja na dereva apitaye taa nyekundu? Andika sababu zako kwa mistari kumi.

8. Eleza maana ya methali “Kawia ufike”, ukitoa mfano kutoka katika maisha ya kijiji chako.